Gunia Lililoshibishwa

Kitendawili hiki nakutegea wewe uliyekaa karibu na mlango, usijifanye hukusikia. Vyumba viwili, ukuta mmoja, mlango hakuna. Kila chumba kina mtu amelala, kajifunika shuka jekundu gubigubi. Nani hao?

Usiniambie yai. Yai lina chumba kimoja, na anayelala humo hana shuka. Fikiri tena. Umeshindwa? Haya, nipe mji, tena uwe na kivuli na maji ya kunywa, nikae nikwambie. Ni karanga. Mara ngapi umepasua ganda ukawakuta hao wawili wamelala zao, ukawatia mdomoni bila hata kupiga hodi!

Sasa hao hawataki maji. Wakiwa bado ardhini ni sawa, mvua iwanyeshee itakavyo. Lakini wakishang'olewa, wakaanikwa, wakakauka, maji kwao ni adui. Mama Pacha alilijua hilo. Alifundishwa pamoja na wenzake pale kwenye ghala la ushirika, akaitikia kwa kichwa, akacheka wenzake walipocheka. Ndiyo maana siku hofu ilipomwingia haikumwingia kidogo kidogo. Ilimwingia mzima mzima, kuanzia nyayo.

Alikuwa jikoni anachambua mboga, mgongo ameupa mlango, wale pacha wake wanagombania kigoda uani. Simu iliyokuwa juu ya debe la unga ikatoa ule mlio wa ushirika, mlio kama wa kijiko kikigonga kikombe. Akafuta mikono kwenye nguo, akasoma taratibu, midomo ikimcheza. Gunia la wifi yake limezuiwa kwa mnunuzi. Limekutwa na sumukuvu. Magunia mengine yote ya mkulima huyo yasimame palepale yalipo. Mwenyewe afike ghalani kesho asubuhi.

Mboga zikamwanguka miguuni.

Sumukuvu ni sumu inayoachwa na ukungu, ule unaoota karanga kavu zikipata maji. Ukiitafuta kwa macho huioni, kwa pua huinusi, na ukizikaanga karanga mpaka ziwe kama makaa, bado imo. Humla mtu mzima ini kimyakimya. Mtoto humdumaza, akabaki mdogo wakati wenzake wanarefuka, na mama anahangaika kutafuta aliyemroga.

Na Mama Pacha alikuwa akijua jambo ambalo simu ile haikulijua. Gunia lilikuwa la wifi yake kweli. Lakini karanga za pale juu, mdomoni, hazikuwa za wifi. Zilikuwa zake yeye.

Wifi huyo, dada wa mumewe, watu walimwita Chanja, kwa sababu ya vile vichanja vyake vya kuanikia. Wengine walianika karanga chini, kuku wanapita, mbuzi anapita, mtoto anapita na baiskeli. Chanja alizianika juu, kwenye fito alizozifunga mwenyewe, akazigeuza kama mtu anayemgeuza mgonjwa, na wingu likitokea upande wowote wa mbingu yeye ndiye wa kwanza kukimbia na turubai. Walimtania hadi wakachoka. "Chanja, karanga zako umeziimbia leo?" Naye husema, "Nimeziimbia, zimeitikia. Zako zimekohoa tu."

Zamani uangalifu huo haukumpa kitu. Walanguzi walikuja na mizani yao wenyewe, wakatia mkono kwenye gunia moja, wakakunja uso, wakasema karanga za hapa zote zina mchanga. Bei moja kwa wote, nayo ya kulia machozi. Karanga za Chanja zikamwagwa juu ya za mvivu, na kuanzia hapo nani angezijua?

Ndipo akaja yule kijana wa mfumo, na kompyuta yake ya mkononi na shati la mikono iliyokunjwa. Mfumo wenyewe aliuita blokcheni. Neno likawapiga chenga, akasema basi semeni mnyororo, na tangu siku hiyo yeye akawa Bwana Mnyororo. Kila gunia lingepewa kibandiko chenye alama za vidotovidoto. Ukikilenga kwa simu unaona shamba la nani, karanga zilianikwa lini, nani alilipima gunia, limeuzwa kwa bei gani, liko wapi sasa hivi. Mnunuzi wa mbali anaona, mkulima anaona, na hakuna wa kuyafuta hayo.

"Hakuna hata wewe?" mwenyekiti wa ushirika aliuliza.

"Hata mimi, mzee. Sasa hivi nikisema mbele yenu wote kwamba gunia la mama huyu ni zuri, halafu kesho niseme ni baya, si mtanizomea? Kwa sababu wote mmesikia. Na mfumo ni hivyohivyo. Kila simu imesikia. Kosa unaweza kulisahihisha kwa kuandika chini yake, lakini lile la kwanza linabaki."

"Kumbe ni umbea!" akadakia mwanamke mmoja wa nyuma.

"Ni umbea," Bwana Mnyororo akakubali, "ila huu hauongezwi chumvi."

Walicheka hadi vumbi la maganda likawapalia. Na umbea ule ukafanya kazi. Wanunuzi wakaanza kuulizia magunia kwa jina. Walimtaka Chanja. Yule aliyekuwa akichekwa kwa kuziimbia karanga akawa anapigiwa simu na watu wasiojua hata sura yake. Aliezeka nyumba upya, akampa Mama Pacha mbegu zake nzuri, akamwambia, "Panda hizi, wifi. Tupande juu wote."

Sasa kuna kitu Bwana Mnyororo hakukijua, na hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyeona kama ni kitu cha kuambiwa. Wanawake wa pale hawakushona gunia lenye njaa. Gunia likibaki na nafasi mdomoni, yeyote aliye karibu huleta ungo wake na kulijaza, bila kuombwa na bila kudai. Waliita kulishibisha gunia. Mama zao walifanya hivyo, na mama wa mama zao. Bwana Mnyororo alisema gunia moja, mkulima mmoja, msichanganye. Wakaitikia kwa moyo mmoja kwamba hawatachanganya. Na hawakuchanganya. Walishibisha tu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Lori la ushirika lilikuwa likingojewa. Pacha walikuwa na homa, baba yao yuko mbali anaezeka paa za watu, na Mama Pacha akakosa zamu ya mashine ya kubangulia pale ghalani. Akabaki na mlima wa karanga na madole gumba mawili. Umewahi kumenya karanga kavu kwa dole gumba kutwa nzima? Kucha hupasuka, ngozi huachana. Akatazama lile lundo, akatazama maji kwenye pipa. Akanyunyiza. Akafunika kwa magunia, akaziacha zilale hivyo. Asubuhi maganda yalikuwa laini kama maganda ya ndizi, akazimenya huku anaimba. Kisha akazianika juani mpaka zikalia zikitikiswa, na kipima unyevu cha ghalani kikasema kavu. Akajiambia, maji yameingia, maji yametoka, nani kadhurika?

Siku ile ile akaona gunia la mwisho la Chanja limelegea mdomo. Akaleta ungo wake. "Lete nikushibishie, wifi." Chanja akasema, "Mungu akuongezee." Wakashona.

Sasa unaijua hofu yake. Turudi jikoni.

Alasiri Chanja akaja. Mama Pacha alizijua nyayo zile kabla ya hodi, akatamani ardhi immeze.

"Hodi humu."

"Karibu, wifi."

Chanja hakungoja kukaribishwa kigoda. Alikaa, akanyoosha miguu. Uso wake ulikuwa umeshuka kama wa mtu aliyetoka msibani.

"Umesoma?"

"Nimesoma, wifi."

"Mimi nimesoma mpaka macho yananiuma. Nikadhani labda herufi zitachoka, zijipange vingine." Akajaribu kucheka. "Njiani huko watu wananisalimia miguu. Hakuna anayenitazama usoni. Mwenyekiti anasema kesho wakiniwekea alama nyekundu, basi. Hakuna mnunuzi atakayeligusa jina langu tena."

"Mashine zao zimekosea, bwana. Mashine zina wenyewe."

"Mashine haina ugomvi na mimi." Chanja akaokota jani la mboga sakafuni, akaanza kulichanachana. "Karani wa ghala ameniambia bambo lilichomwa juu. Pale mdomoni. Wakachoma na katikati, katikati pasafi."

Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji wanachochomea gunia kudokoa sampuli. Mama Pacha alihisi kama kimemchoma yeye, chini ya mbavu.

"Wifi," Chanja akasema. "Nikuulize kitu, usinikasirikie."

"Uliza."

"Zile ulizonishibishia. Ulizilowesha?"

Sufuria ikafurika. Au haikufurika, ilikuwa inachemka tu kama kawaida yake; lakini Mama Pacha aliirukia, akashika mfuniko kwa mkono mtupu, akaungua, akautupa. "Nyie watoto! Acheni kupigana!" akapiga kelele, akatoka mbio uani. Watoto walikuwa wamekaa kwa amani, wanamlisha udongo mdoli wa matambara. Wakamtazama mama yao wakiwa midomo wazi.

Aliporudi ndani, Chanja alikuwa amekwisha simama.

"Tia vidole maji, wifi," akasema. "Vitatoa malengelenge." Akajitanda nguo, akaondoka.

Hakuuliza mara ya pili. Laiti angeuliza, laiti angegomba, Mama Pacha angepata pa kushikia. Angegomba naye, angelia, angesema unanionea. Lakini swali liliachwa palepale jikoni, limekaa kwenye kigoda, nalo halikuwa na haraka.

Alitia vidole maji. Akajisemea: nikinyamaza, je? Chanja ni hodari, atapanda tena. Atauza kwa walanguzi msimu mmoja, miwili, watu watasahau. Kisha akakumbuka kwamba mnyororo hausahau. Na mimi nikisema? Jina langu ndilo litakalopakwa. Mume wangu atanitazamaje? Mama mkwe je? Watasema nilimtilia dada yao sumu kwa husuda, kwa kuwa anaezeka na mimi sijaezeka. Nani ataamini kwamba nilikuwa namsaidia?

Hiyo ilikuwa hofu ya kwanza, ya mtu kuogopa kujulikana. Hiyo mtu anaweza kuishi nayo. Ya pili ilikuja alipoichukua simu.

Kwani zile karanga hakuzimaliza kwa kumshibishia wifi. Ungo mmoja tu ulikwenda kwa Chanja. Zilizobaki, za lundo lilelile, za maji yaleyale, zilijaza magunia yake mwenyewe, yenye jina lake. Hayo bambo lilichomwa mahali pasafi, yakapita. Ukungu hausambai sawasawa. Hukaa hapa, ukaruka pale. Bahati, alijiambia siku ile. Sasa akafungua jina lake kwenye mfumo, vidole vilivyoungua vikiteleza kwenye kioo, akasoma.

Magunia ya Mama Pacha. Safi. Yamepokelewa kiwanda cha unga wa lishe. Kusagwa kesho.

Akasoma tena. Unga wa lishe. Alikuwa akiujua mfuko wake, wenye picha ya mtoto mwenye mashavu. Wauguzi wa kliniki huwagawia kina mama wenye watoto waliokonda. Pacha wake walizaliwa wadogo kama vifaranga, na unga huohuo ndio uliowanyanyua. Alikuwa akiukoroga mwenyewe, anaupoza kwa pumzi yake, anawalisha kwa kijiko kidogo, huyu kimoja, huyu kimoja.

Mnyororo ulikuwa haujadanganya hata neno moja. Ulisema yote uliyoambiwa. Na kwa ukweli wake huo ulikuwa umesimamisha karanga za mtu safi, na zenye sumu umezifungulia njia mpaka kwenye kijiko cha mtoto.

Akaiweka simu kifudifudi, kama mtu anavyomfunika maiti uso.

Asubuhi ghala lilijaa kama siku ya mauzo. Magunia yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na paa, vumbi la maganda linaelea kwenye mwanga wa dirishani, bambo limetundikwa msumarini pembeni ya mizani. Karani wa ghala, mwanamke mrefu mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele, aliwapanga watu wasikanyage turubai. Mama Pacha alijibanza nyuma ya rundo la magunia, mahali anapoona bila kuonekana sana.

"Chanja!" mtu akaita. "Leo vichanja vimeanika nini?"

"Vimeanika maringo, yamepata ukungu," mwingine akajibu, na wachache wakacheka kile kicheko cha watu wanaoshukuru kwamba si wao.

Chanja alisimama katikati, mikono kaifumbata mbele. Mwenyekiti akakohoa, kama kawaida yake akitaka kusema jambo lisilomfurahisha.

"Dada yetu, tunakuuliza mbele ya watu. Humo guniani mlikuwa na karanga za mtu mwingine?"

"Gunia lina jina langu, mwenyekiti."

"Hilo tunalijua. Hujajibu nililouliza."

"Nimejibu."

Manung'uniko yakapita. Hakumtazama Mama Pacha, hata kwa bahati mbaya. Alitazama mizani.

Bwana Mnyororo alikuwa amefungua kompyuta juu ya gunia. Hakuwa na raha. Alikuwa akijifuta shingo. "Mama," akamwambia Chanja, "nikiweka alama hii, hairudi. Kila mnunuzi ataiona. Kama una neno, liseme sasa."

Chanja akatikisa kichwa.

Nyuma ya magunia, simu ikagonga kile kijiko chake kiganjani mwa Mama Pacha. Akaangalia. Magunia yake. Maneno yalikuwa yamebadilika. Kusagwa: yanafunguliwa.

"Pigeni simu kiwandani."

Hakujua kama ni yeye aliyesema. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu aliyefinywa. Watu wakageuka wakitafuta inakotoka.

"Pigeni simu!" Sasa alikuwa amejitokeza, maganda yamemganda kwenye nguo. "Magunia yangu wasiyasage. Karani, mwanangu, nakuomba, piga sasa hivi!"

Karani hakuuliza. Labda ni uso aliouona. Alitoa simu, akapiga, akaiweka sauti ya nje. Upande wa pili ukapokelewa na ngurumo kubwa, na ndani yake mwanaume anapiga kelele kujisikia mwenyewe.

"Semeni upesi, mashine inazunguka!"

"Ni ghala la ushirika hapa. Magunia ya Mama Pacha msiyasage."

"Ya nani? Subiri." Ngurumo. "Haya hapa, nimelenga kibandiko. Safi! Kijani kitupu. Tumeshakata nyuzi, la kwanza liko mabegani kwa mtu. Mnataka nizime mashine kwa sababu gani?"

Karani akamwangalia Mama Pacha. Mwenyekiti akamwangalia. Bwana Mnyororo akainua kidole kutoka kwenye kompyuta, kikabaki hewani.

"Yana... yana matatizo," Mama Pacha akasema.

"Matatizo gani?" sauti ikafoka. "Dada, nikizima kwa habari ya matatizo tu, mimi nafukuzwa leo. Mfumo unasema safi. Nipe sababu au niacheni nifanye kazi!"

Akafungua kinywa. Ulimi ulikuwa umekauka kuliko karanga ya juani. Aliona nyuso zote, nyuso za watu aliozaliwa nao na aliozika nao, zikimngoja. Aliona namna zitakavyobadilika, moja baada ya nyingine, na hazitarudi zilivyokuwa. Ndani ya simu kuna mtu alisema, "Mimina," na mwingine akasema, "Ngoja, bosi anaongea."

Chanja alikuwa ameinua uso. Ni mara ya kwanza kumtazama tangu jana jikoni. Hakukuwa na hasira machoni mwake, wala huruma. Alikuwa anamngoja tu.

Mama Pacha hakumjibu mwanaume wa mashine. Aligeuka akamtazama wifi yake, akavuta pumzi, akaitoa sauti yote aliyokuwa nayo ili ifike na kule ngurumo ilikokuwa.

"Ndiyo, wifi. Nilizilowesha. Zote."